Asubuhi kwenye rasi ya Bukavu: namna ya kupeleka kikundi kuona ndege, wavuvi na nyumba za zamani

Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo kwenye mpaka wa Rwanda, imekaa juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu. Huko hutakuta geti la hifadhi wala mtu wa kukukatia tiketi. Hata hivyo ukifika Labotte, Muhumba au Nguba kabla jua halijapanda, utaona ndege wa maji wakiwa kazini, wavuvi wakirudi na sambaza, yaani dagaa wa ziwa hili, na ukibahatika fisi maji akichungulia kwenye matete. Mimi naziita hifadhi, maana kuna watu wanaozilinda bila kulipwa kwa kazi hiyo: mlinzi wa parseli (kiwanja cha mtu) anayekataa mti ukatwe, masista wenye bustani inayoshuka mpaka majini, mvuvi anayeyaacha matete yasimame kwa kuwa anajua samaki wadogo hujificha humo.

Maelezo haya ni kwa mwalimu, kiongozi wa Kiro au wa Xaveri (vyama vya vijana), au mzazi aliyechoka kuwaona watoto wakiinamia simu kila Jumamosi. Kikundi kisizidi watu kumi na wawili. Wakizidi, ndege wataruka kabla hujafika, na wazee mtakaowatembelea watahutubia badala ya kuzungumza.

1. Chagua rasi moja tu

Usijaribu kuzunguka zote. Kila rasi ina tabia yake. Labotte ni ya anayependa nyumba za zamani na kuona ziwa kwa upana, mpaka ng'ambo ya Rwanda. Muhumba ina miti mingi na utulivu zaidi. Nguba iko upande ambako mto Ruzizi unatoka ziwani, kwa hiyo ndiyo bora kama unataka kuwaeleza watoto maji yanakokwenda.

Kabla ya kutoka, waeleze kwa nini mji una umbo hili, tena wachoreeni ardhini kwa kijiti. Zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia hiyo. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, mpaka yakapata mlango upande wa kusini, ndio Ruzizi, unaoyapeleka Tanganyika. Rasi zetu ni migongo ya vilima ambavyo miguu yake ilizama. Mtoto akishaelewa hilo, hataona tena ajabu kwamba barabara za Bukavu ni kupanda na kushuka tu, na kwamba ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari.

2. Omba ruhusa mapema, na kwa mdomo

Barua peke yake haitoshi. Nenda mwenyewe kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, siku mbili tatu kabla, umwambie mtapita wapi, saa ngapi, na ni watoto wa nani. Sehemu kubwa ya ukingo imezungushiwa ukuta, kwa hiyo utahitaji pia mwenye parseli mmoja atakayewafungulia njia ya kushukia majini. Nyumba za watawa na shule za zamani ndiko pa kubisha kwanza: bustani zao ni kubwa, miti yao ni ya miaka mingi, na mara nyingi wanafurahi kuona vijana wanaouliza kitu kingine zaidi ya masomo ya bure.

Uliza pia hali ya usalama siku yenyewe, asubuhi, kabla hamjaondoka. Mjini kwetu jibu la jana si la leo. Ukisikia kigugumizi kwenye sauti ya shefu, ahirisheni.

Picha: hakuna kupiga picha kwenye daraja la mpaka, kwenye makao ya askari, bandarini wala mbele ya nyumba za wakubwa. Waambie watoto simu zibaki mfukoni mpaka utakapotoa ruhusa. Kama mna mtumbwi, msitoke mbali na ukingo. Mpaka wa nchi mbili unapita majini, hauonekani kwa macho, na kueleza kwamba mlikuwa mnafuata ndege hakutawasaidia sana.

3. Saa, majira na mwezi

Fikeni ukingoni saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa tatu jua limekuwa kali, mitumbwi imeshashusha, na upepo umeanza kuyakoroga maji. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, njia ni kavu lakini anga hujaa vumbi na moshi. Mimi napendelea Oktoba na Novemba ingawa mvua inanyesha: mbayuwayu wa Ulaya wameshafika, kila kitu ni kijani, na baada ya mvua ya usiku ziwa linaonekana mpaka mbali.

Sasa mwezi. Uvuvi wa sambaza ni wa taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu, kwa sababu samaki hawakusanyiki pale inapowaka. Siku hizo wavuvi wengi hupumzika au hurudi na kidogo. Ukitaka watoto waone mitumbwi ikishushwa, chagua wiki ya giza.

4. Vya kubeba

Daftari na kalamu ya risasi (wino unalowa), maji ya kunywa, kofia, viatu visivyoteleza, gunia moja tupu. Darubini moja ya kupokezana inatosha. Msipoipata, nendeni hivyo hivyo.

Wazazi watakuuliza juu ya mamba. Ziwa Kivu halina mamba. Lina vilindi vinavyoanza ghafla hatua chache kutoka ukingoni, na hicho ndicho cha kuogopa. Hakuna kuoga, hakuna kuingia majini kupita vifundo vya miguu, na mtu mzima mmoja akae upande wa maji muda wote.

Watoto nao watakuuliza juu ya gesi. Wajibu bila kuwatisha: methani na kaboni dioksidi zimeyeyuka chini kabisa, kwenye vilindi vya beseni kubwa la ziwa ambalo kina chake kinafika karibu mita 485. Ghuba ya Bukavu haina kina kama hicho, ni kama mita 100 tu. Ng'ambo, Rwanda, methani hiyo inachotwa na kugeuzwa umeme. Mazuku, ile hewa nzito inayoua mbuzi na watu kwenye mashimo, ni habari ya Goma na Sake, karibu na volkano.

5. Anza na wavuvi

Waongozaji wengi huanza na nyumba za wakoloni kisha wanamalizia majini, watoto wakiwa wamechoka na mitumbwi imeshaondoka. Fanya kinyume chake. Shuka kwanza.

Utakachokiona ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama ndevu za kambale. Wavu mkubwa hushushwa chini ya mitumbwi hiyo, taa zinawashwa juu, sambaza wanaifuata nuru, kisha wavu unainuliwa taratibu watu wote wakivuta kwa pamoja. Zamani ilikuwa taa ya mafuta ya kupampu, sasa nyingi ni za betri. Wanapopiga makasia wanaimba, mmoja anatoa na wengine wanapokea. Usiwakatize katikati ya wimbo eti muanze mahojiano.

Namna ya kuwaendea ina uzito wake. Mtu mwenye daftari ukingoni hufanana na mtu wa kodi. Kwa hiyo salamu kwanza, na ueleze haraka: "Jambo papa, pole na kazi ya usiku. Hawa ni watoto wa shule, wanajifunza ziwa. Hatuandikishi mtu." Ngoja ajibu. Mara nyingi atacheka, aulize shule gani, na pengine mtoto wake anasoma hapo hapo. Ukiweza, nunua kipimo kimoja cha sambaza kwa mama anayepokea samaki. Baada ya hapo utaulizwa wewe kama mnataka kuingia mtumbwini kuona wavu.

Mchukueni sambaza mmoja mbichi, mumweke kiganjani. Ni mdogo, mwembamba, ubavu wake unang'aa kama fedha na magamba yanabaki vidoleni. Mwambie kila mtoto amwangalie vizuri, kwa sababu huyu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kivu lilikuwa na samaki wachache, na katikati ya ziwa hapakuwa na yeyote wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Walileta aina mbili za samaki wa Tanganyika, wakimtegemea zaidi yule mwingine. Yule akashindwa, sambaza akastawi. Leo ukimwambia mtu wa Bukavu kwamba bibi yake alizaliwa kabla ya sambaza, atakukatalia.

Maswali mazuri ya kumuuliza mvuvi ni yale ambayo jibu lake analijua kuliko mwalimu. Ni ndege gani anayekuambia samaki wako wapi? Matete yalifika wapi ulipokuwa mdogo? Fisi maji anaharibu nyavu? Kuna mahali ambapo wazee walikataza kuvua? Andikeni jibu kama lilivyosemwa, hata kama halilingani na kitabu.

6. Ndege: wafuate kwa tabia, si kwa rangi

Mtoto akianza na rangi atachanganyikiwa, maana ukingoni wengi ni weusi na weupe. Mfundishe kuuliza: anafanya nini?

Anayesimama hewani bila kusogea, mbawa zikipiga haraka, mdomo ukielekea chini, kisha anadondoka majini kama jiwe, huyo ni mdiria wa rangi mbili. Kaeni naye muda mrefu, hana haraka na watu. Tazameni kifuani: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja uliokatika katikati. Akipata samaki anarudi kwenye tawi au kwenye kamba ya mtumbwi, anampigiza mara kadhaa, kisha anammeza kwa kutanguliza kichwa. Huchimba kiota chake kwenye kingo za udongo zilizosimama wima. Ukingo ukipigwa zege, anakosa pa kuzalia, na hapo ndipo unapoweza kuwaonyesha watoto uhusiano wa ukuta wa tajiri na ndege bila kumtaja tajiri yeyote.

Anayekaa juu ya mwamba au mti mkavu amefungua mbawa zote mbili kama anayeanika nguo, ni mnandi. Manyoya yake hulowa anapozamia, kwa hiyo lazima ayakaushe. Anayetembea kwenye nyasi za bustani akidona ardhi kwa mdomo uliopinda, halafu anaruka akipiga kelele za kuamsha mtaa mzima, ni kwarara. Yangeyange ni yule mweupe wote. Mwewe mtamwona popote, hasa juu ya soko na mizoga. Furukombe ni wa bahati, kwa kuwa Kivu si tajiri wa samaki wakubwa kama maziwa mengine. Mkimsikia akilia mmefaidi.

Fundichuma anastahili kituo chake. Ni ndege wa kahawia, si mkubwa, kichwa chake kinatokeza kwa nyuma kama nyundo, lakini kiota chake ni jengo: rundo la vijiti lenye paa na mlango mdogo ubavuni, upana wake unafika mita moja na nusu, na kinabeba uzito wa mtu mzima. Sehemu nyingi za Afrika watu wanaogopa kukivunja. Wanasema atakayekigusa atapatwa na balaa, nyumba yake itaungua, au mvua itamfuata. Muulizeni mzee wa mtaa huu yeye alisikia nini kwao. Msimcheke. Ndege huyu amelindwa na hofu hiyo miaka mingi kabla bunge la Kinshasa halijapitisha sheria ya kuhifadhi maumbile ya mwaka 2014, na ukingoni hofu bado inafanya kazi vizuri kuliko sheria.

Kwa fisi maji, tafuteni alama zake: maganda ya kaa na miba ya samaki juu ya jiwe moja linalorudiwa. Mwenyewe hujitokeza asubuhi, kichwa tu juu ya maji, shingo yenye madoa, kisha anapotea. Aliyemwona anyanyue mkono, asipige kelele.

Na mtu akiwajia na kasuku, au mtoto wa nyani kwenye kikapu, msinunue hata kwa huruma. Mlichomlipa muuzaji ndicho kitakachomrudisha porini kukamata mwingine, na ili kupata mtoto mmoja wa nyani mama yake huuawa kwanza. Toeni habari kwa ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi maumbile. Nyani na sokwe wanaonyang'anywa wawindaji hupelekwa Lwiro, kaskazini mwa mji, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN.

7. Panda juu, kwenye nyumba

Mkishakula kidogo, ndipo mpande. Onyesha kona za mviringo, madirisha ya duara kama ya meli, roshani zinazotazama maji. Ni mtindo wa Wazungu wa miaka ya 1930 hadi 1950, wakati mji ulipoitwa Costermansville kwa jina la afisa wa Kibelgiji. Jina la Bukavu lilirudi rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini usiwaache watoto waondoke wakidhani historia ilianza na simenti. Ardhi hii ni ya Bashi, chini ya mwami (mfalme) wa Kabare. Upande wa Kalehe na kisiwani Idjwi ni Bahavu. Ng'ombe walichungwa kwenye migongo hii kabla ya bustani za maua.

Mkipita Place Mulamba, simameni. Léonard Mulamba ndiye afisa aliyeulinda mji dhidi ya waasi wa Simba mwaka 1964, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, na nyumba nyingi za rasini zilitobolewa kwa risasi. Wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wapo. Tafuta mmoja kabla ya siku, mwambie atapewa kiti kivulini na nusu saa. Mwambie pia asianze na tarehe. Muombe aeleze walikimbilia wapi, walikula nini, nani alibaki kulinda nyumba. Kama ni mama, usimwache mumewe amjibie.

Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 nalo liliacha nyufa ambazo hazijafichwa na rangi. Kila mzee anakumbuka alikuwa wapi Jumapili ile.

8. Jaza daftari papo hapo

Chora safu nne: jina kwa Kiswahili, jina kwa Kimashi au Kihavu, tulimwona akifanya nini, nani katuambia. Safu ya pili itakuwa na mapengo, na mapengo hayo ndiyo kazi ya nyumbani: mtoto amuulize bibi. Kama mna simu yenye eBird, programu ya kuandikia ndege mliowaona, andikeni hesabu hata bila mtandao, kisha mtume jioni mkipata intaneti. Mkiwa na shaka ya ndege, msimwandike. Orodha ya ndege kumi wa kweli ina faida kuliko ya arobaini wa kubahatisha.

9. Gunia

Rudini kwa njia ya majini na mjaze gunia. Chupa na mifuko inayoletwa na mvua kutoka mitaa ya juu hukusanyika kwenye vighuba vya rasi, kisha mkondo unaivuta kuelekea Ruzizi, ambako inaziba mitambo ya bwawa la umeme. Umeme ukikatika Kadutu, upande mwingine wa mji huu, sehemu ya sababu imeelea hapa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwa amri ya Desemba 2017, na kila mtoto atakayeokota mmoja atakuuliza inatoka wapi basi. Mwache aulize. Bora zaidi, mpeleke swali hilo kwa shefu wa avenyu mtakapokwenda kumuaga.

Msiokote vitu vilivyonaswa kwenye matete kwa kuyang'oa. Kata mfuko, acha tete.

10. Kabla hamjaachana

Nakili kurasa za daftari mara tatu: moja ibaki shuleni, moja kwa shefu, moja kwa yule aliyewafungulia njia ya majini. Mvuvi hahitaji karatasi, mpelekeeni picha kwenye simu yake, hasa ile ambayo yeye na wenzake wanaonekana wakivuta wavu. Mwakani mkirudi, rudini rasi ile ile, wiki ile ile ya giza, na mjaze safu zile zile. Mdiria wakipungua kutoka mwaka hadi mwaka, mtakuwa na kitu cha kuweka mezani siku mtu atakapokuja na mpango wa kumwaga zege kwenye ukingo uliobaki.